Siku Mboni Alipotunzwa

Kabla ulimi wake haujafungwa, Mboni alikuwa mwanamke wa kuogopwa kuanzia Kigombe mpaka Tongoni. Si kwa ugomvi, maana hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Aliogopwa kwa kuimba. Kikundi chao cha taarabu cha wanawake kikialikwa harusini, wenye madoa yao walikaa karibu na mlango.

Kwani taarabu ya huku haina maneno ya bure. Mstari ukiimbwa una mwenyewe, na mwenyewe hatajwi jina. Mwenye donge lake huinuka na noti mkononi, akaenda kwa mwimbaji kwa madaha, akaibandika kwenye paji la uso, macho yake yakiwa kwa hasimu wake. Huko ndiko kutunza. Ukishatunza, ule mstari si wa mwimbaji tena, ni wako wewe, na kila aliyekaa ukumbini anajua umempiga nani. Ndoa zimevunjika hivyo na watu hawajarushiana neno.

Kiharusi kilimkuta Mboni amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mumewe, Mudathir, mkwezi wa minazi, alikuwa juu ya mnazi wa watu. Aliona kwa mbali majirani wanakimbilia nyumbani kwake, akadhani moto. Mpaka anashuka, mkewe ameshalazwa mkekani, upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda pembeni, na katika maneno yote aliyowahi kuwa nayo duniani limebaki moja: ta. Ta, ta, ta. Zahanati waliyomkimbiza kwanza ilikuwa na mlango uliofungwa na kitasa kipya. Mganga kaenda semina. Hapo Mudathir aliweka kinyongo cha kwanza. Aliwahi kusema, na hakuwa mwongo, kwamba mkubwa ukimtaka siku ya semina humkosi, ila ukimtaka siku ya maradhi ndiyo unaambiwa yuko semina.

Miezi ikapita. Wapo waliosema ni pepo, apelekwe kwa fundi wa kupunga. Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani, wakampa vidonge vya presha na kumwambia mume awe na subira. Subira anayo punda. Mudathir alikuwa na hofu, na hofu yake hakumwambia mtu, hata Hasina, mdogo wake Mboni, aliyekuwa akija kila asubuhi kumwogesha dada yake.

Hofu yenyewe ilikuwa hii. Mtu akifika mwisho wake hutamkishwa shahada, aondoke na neno la Mungu mdomoni. Sasa huyu atatamka nini? Ta? Maalimu wa madrasa alimtuliza. "Mungu anaujua moyo, Mudathir. Hahitaji ulimi."

"Mungu anaujua," alijibu Mudathir. "Mimi nimeishi naye umri mzima siujui. Moyo wa Mboni ulijaa nyimbo za watu. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Ndipo akasikia kwamba mjini Tanga, kwenye kituo kimoja cha afya, kuna mradi umefungua chumba cha kutibu watu kwa muziki na kuchora. Alicheka kwa dharau. Dawa za presha hazipo, ngoma zipo. Lakini mwenye kiu hachagui kata. Akampakia mkewe kwenye bajaji, wakaenda.

Chumba kilikuwa nyuma ya jengo, zamani stoo. Kulikuwa na kinanda, ngoma tatu nne, karatasi na rangi. Mzee mmoja aliyekatwa mkono na baruti ya kuvulia alikuwa anachora samaki kwa mkono uliobaki. Siku zote alichora samaki, na samaki wote hawakuwa na macho. Mwalimu alikuwa binti wa Kishambaa, Mlutheri aliyelelewa kwaya, anaitwa Elizabeti.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama hajibu. Ndilo lililotuleta."

"Atajibu," Elizabeti alisema. "Unajua mzee, maneno na nyimbo havilali chumba kimoja kichwani. Kwake chumba cha maneno kimeungua. Cha nyimbo huenda bado kizima. Mlango ukiziba, tutapitia dirishani. Alikuwa anapenda nyimbo gani?"

Mudathir akaona haya. "Nyimbo zake ni za matusi, binti."

"Matusi gani?"

"Ya kistaarabu."

Elizabeti akacheka, akapiga kinanda, akaanza kwa wimbo wa kanisani alioujua yeye. Mboni alimwangalia kama anavyoangaliwa samaki aliyelala. Akajaribu wimbo wa watoto, wapi. Mwisho akamgeukia mume. "Basi imba wewe, mzee. Huo wa matusi."

Mudathir hakuwa na sauti. Sauti yake ilikuwa ya kuwaambia watu wa chini wakae kando, nazi inashuka. Akakohoa, akaanza ule uliompa Mboni jina, ule wa kiti, na tuni akaiponda ponda mpaka yule mzee wa samaki akaacha kuchora. Mboni akakunja uso, akatikisa kichwa. Kisha, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akaufungua ule mdomo wake wa pembeni na kumsahihisha:

*Kiti si chako we shoga, usikae ukalala,*
*mwenyewe akija shoga, chini ndiko pa kulala.*

Maneno yote yalitoka, hakuna hata moja lililokosekana. Alipomaliza akajaribu kusema kitu, ikatoka ta. Akalia. Mudathir akatoka nje kwenda kumtafuta dereva wa bajaji, ambaye hakuwa amepotea.

Kuanzia siku hiyo walikwenda kila juma. Elizabeti alimfundisha kulipiga goti lake kwa mkono wa kushoto, kofi moja kwa kila silabi, na kila haja ya mwili akaipa wimbo wake. Akitaka kukaa au kuegemezwa, aimbe wa kiti. Akitaka maji, aimbe wa mtungi, ambao nao ulikuwa mchungu vilevile: mtungi wenye ufa hauwekwi kwa wageni. Kazi ya mwalimu ilikuwa kuupunguza wimbo kidogo kidogo, kutoka mistari miwili kuja mmoja, kutoka mmoja kuja neno, mpaka siku neno litakapoweza kutembea bila tuni.

Nyumbani ikawa vituko. Asubuhi moja Hasina anamwogesha dada yake, Mboni akamtazama usoni, akamwimbia wa mtungi wote. Hasina alikuwa ameachika karibuni kwa kukosa mtoto. Akatupa taulo kwenye beseni.

"Dada, hata hali hiyo uliyo nayo? Mimi nakusugua mgongo wewe unanipasha?"

"Anataka maji, shemeji," Mudathir akasema kutoka mlangoni.

"Maji gani?"

"Ya kunywa. Mpe maji."

Hasina akampa. Mboni akanywa yote, akarudisha kikombe, na upande wa uso uliokuwa mzima ukacheka. Hasina naye akacheka, akakaa chini sakafuni kwenye maji ya kuogea, akacheka mpaka akalia.

Siku Mboni aliposema "ma-ji" kwa tuni fupi, maneno mengine yote yameshaondolewa, Mudathir aliona wakati umefika. Alimsubiri Elizabeti anakunja mikeka.

"Binti, wewe ni Mkristo, lakini nitakuuliza, maana mwingine wa kumuuliza sina." Akamweleza ile hofu yake.

Elizabeti hakucheka wala hakushangaa. "Hayo maneno huwa mnayaimba popote?"

"Kwenye zikri."

"Niimbie."

Akamwimbia, safari hii kwa kuheshimu tuni. Elizabeti akayarekodi kwenye simu yake, akayarudia kimya kimya kwa midomo. "Ni marefu kidogo, na yana herufi za kooni. Tutayafikia. Kiti kiwe neno kwanza, kisha choo, kisha jina lako. Halafu hayo."

"Kwa nini yasitangulie? Kifo hakingoji jina langu."

"Mzee, wewe ni mkwezi. Kuna mtu anayerukia makuti? Si vidato kwanza?" Akaona uso wa mzee umeanguka. "Basi tufanye hivi. Wiki ijayo kuna ugeni, tunafanya mazoezi ya sherehe. Ukipita ugeni, tunaanza hayo. Nakuahidi."

Ugeni! Neno hilo lina mengi. Ukisikia ugeni, jua mgonjwa atapakwa chokaa.

Mratibu wa mradi alikuwa bwana mmoja anaitwa Edgar, kijana wa shati la kupigwa pasi, anayetembea na simu mbili. Yeye aliandaa hema, spika, na wimbo wa shukrani alioutunga mwenyewe, wenye majina ya wafadhili ndani. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa fulani wa wilaya, aliyekuwa akikaimu cheo kwa muda mrefu kuliko wengine walivyokishika. Watu walikuwa na maneno yao juu ya hilo, ya pembeni.

Siku yenyewe wagonjwa walivishwa fulana mpya za mradi na kupangwa mstari mbele ya hema. Walisimama, maana viti vya chumba chao vilichukuliwa vikavishwa vitambaa vyeupe, wakawekewa watakaokuja na mgeni. Mboni alisimama kwa mkongojo upande wa kushoto, na mguu wa kulia kama gogo. Mgeni alitegemewa asubuhi. Adhuhuri ikaadhiniwa, hajaja.

"Bwana Edgar," Mudathir alisema, "mke wangu hawezi kusimama hivi. Mtafutie pa kukaa."

"Mzee, dakika chache tu. Gari limeshapita Kange."

"Gari limepita Kange tangu asubuhi."

"Mzee wangu, tusiharibiane siku."

Gari likaja. Mgeni akapokewa, akakaa kwenye kochi lililotolewa ofisini, akanywa maji ya chupa, akasimama kuhutubia. Alihutubia juu ya wananchi kujituma. Aliwaambia watu waache kutegemea kuletewa kila kitu, wakati yeye mwenyewe kaletewa mpaka kochi. Akasema afya ya akili ni mtaji. Mudathir alisimama na ndugu wa wagonjwa chini ya jua, na kila neno lilimwingia kama mwiba wa samaki: kile kitasa kipya cha zahanati, vidonge vya kununua duka la dawa, mganga wa semina. Yote aliyaona yamesimama pale mbele ya kochi, yamevaa miwani.

Elizabeti alikuwa nyuma ya kinanda, anangoja ishara ya wimbo wa shukrani. Mguu mzima wa Mboni ukaanza kutetemeka. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaanza kupiga paja kwa mkono wa kushoto, mkongojo umebanwa kwapani, kofi kwa kila silabi kama alivyofundishwa. Akaimba.

*Kiti si chako we shoga, usikae ukalala...*

Sauti ile, wallahi, haikuwa na ugonjwa ndani yake. Ilikwenda mpaka barabarani. Mgeni akakatika katikati ya neno. Wanawake waliokuwa pembeni mwa hema wakainamiana, mmoja akacheka na kuziba mdomo kwa kanga, mwingine nyuma kabisa akapiga kigelegele kifupi, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Mgeni akamwinamia Edgar. Edgar akatikisa kichwa kwamba si kitu, ni mgonjwa.

Hapo bado palikuwa na njia. Mgonjwa kaimba, mgonjwa hana lawama. Mstari ulikuwa bado haujapata mwenyewe.

Mudathir alijua mkewe anaomba nini. Hakuna pale aliyejua vizuri kumshinda yeye, labda Elizabeti, ambaye alikuwa ameshainuka na anahangaika kupita kati ya nyaya za spika. Kando yake Mudathir kulikuwa na kiti kimoja, mpiga picha kaweka mkoba wake juu yake. Kuunyoosha mkono tu.

Akautia mkono mfukoni mwa kanzu. Akatoa noti, ile ya nauli ya kurudia. Akainyoosha vidoleni ionekane. Akatoka kwenye kundi la ndugu, yeye mzee wa watu asiyewahi kucheza hata kwenye harusi yake, akaenda kwa madaha, hatua moja na bega moja, hatua moja na bega moja, mpaka kwa mkewe, akaibandika noti kwenye paji la uso lililolowa jasho. Wakati anaibandika hakumwangalia Mboni. Alimwangalia mtu wa kochi, na hakupepesa.

Hema likapasuka kwa vigelegele. Watu waliokuwa wakinong'ona miaka na miaka wakapata mdomo. Wanawake wakachomoa noti vifundoni, wakaja mbio, wakambandika Mboni usoni, shingoni, begani, kila mmoja akigeuza uso upande ule ule. Mboni akamtazama mumewe. Akaimba tena, kwa nguvu zaidi, ule ule, akipiga paja, macho kwa mumewe, na watu wakadhani ananogewa. Akarudia mara ya tatu kwa neno moja tu, kama alivyokuwa akifundishwa, "ki-ti, ki-ti," na katika makelele yale neno halikusikika.

Mguu ukamkatika. Alianguka upande wa kulia, upande usioweza kujikinga.

Elizabeti alifika akiwa amechelewa. Mgeni alikuwa ameshafika kwenye gari. Edgar alisimama na simu zake mbili, hajui apige ipi.

"Mzee," alisema, "umetumaliza."

"Mimi? Mimi nimemtunza mke wangu. Kuna sheria inakataza?"

Chumba kilifungwa kabla mwezi haujaisha. Walisema fedha zimeelekezwa kwingine. Kinanda kikachukuliwa, stoo ikarudi kuwa stoo, na mzee wa samaki akabaki anakuja pale kila juma, anakaa mlangoni na kurudi. Mudathir akasema mnaona? Mnaona wakubwa? Wimbo tu, wamefunga tiba ya watu. Na watu wakaitikia ndivyo, maana ni kweli walifunga, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo.

Elizabeti alipiga simu kutoka kwao milimani, alikokuwa akitafuta kazi nyingine.

"Mzee, endelea naye nyumbani. Mpige goti, imba taratibu, usimharakishe. Mama anaimba?"

"Haimbi."

"Hata wa mtungi?"

"Hata huo. Nyonga inamuuma toka ile siku. Binti, walifunga kwa ajili ya wimbo, sivyo?"



"Mama alikuwa anaomba kiti, mzee."

"Najua."

"Najua kwamba unajua," Elizabeti alisema, kwa adabu, kama alivyokuwa akisema kila kitu. Akasema mama asalimiwe, akakata.

Mudathir alijaribu. Kila baada ya alfajiri alikaa kitandani, akapiga goti la mkewe taratibu na kumwimbia ile tuni ya zikri, silabi kwa silabi. Mara ya kwanza Mboni alilivuta goti. Alipozidi kumwimbia, aliinua mkono wake mzima akaufunika mdomo wake mwenyewe, akageukia ukutani. Siku nyingine hivyo hivyo, na nyingine. Akawa hata ta haisemi. Akitaka maji, hakuomba. Hasina alijua kwa kumwona midomo imekauka.

"Shemeji," Hasina alimuuliza siku moja, anakamua kitambaa, "umemkosea nini dada yangu?"

"Mimi? Waulize waliofunga chumba."

"Waliofunga chumba hawamgusi akafunika mdomo. Mimi namgusa hafuniki. Wewe ndiye."

"Unanipasha, shemeji?"

"Nakuuliza," alisema Hasina.

Masika yalipokolea, Mboni alishikwa na kifua. Alipoanza kuvuta pumzi kwa mbali, maalimu aliitwa, akaja, akamtamkisha polepole sikioni, tena na tena. Midomo haikucheza. Adhuhuri ilipoadhiniwa maalimu akatoka kwenda kuswalisha, akasema atarudi upesi. Hasina alikuwa uani anafufua moto kwenye kuni mbichi. Mudathir akabaki peke yake na mkewe.

Akalipiga goti la mkewe. Akaimba. Mara hii hakulivuta goti, pengine hakuwa na nguvu za kulivuta, na mkono ulibaki kifuani ulipokuwa. Akapata tamaa. Akamsogelea, akaimba karibu kabisa na uso wake, la, i, la, ha, kofi kwa silabi, kofi kwa silabi, mvua inapiga bati naye anaimba juu ya mvua. Mboni akafungua macho, akamwangalia. Mdomo ukafunguka. Mudathir akanyamaza ili asikie.

Ilitoka pumzi. Alingoja ifuatwe na kitu. Haikufuatwa.

Hasina aliingia na bakuli la uji, akaona, akaliweka chini. Akamfumba dada yake macho na kumfunga kidevu kwa kitambaa. Ndipo akamgeukia shemeji yake, na mashaka yake yote ya miezi ile akayaweka kando, kwa kuwa lililobaki lilikuwa moja tu.

"Alitamka?"

"Alitamka," Mudathir akasema.

"Alhamdulillahi." Akatoka uani, na Mudathir akalisikia lile neno likienda kwa wanawake waliokuwa wameanza kufika, kutoka mdomo mmoja hadi mwingine, alitamka, Mboni alitamka, mpaka likafika barazani kwa wanaume. Maalimu aliporudi akaambiwa mlangoni. Akamshika mkono na kumpongeza.

Nasra, binti yao aliyeolewa Mombasa, alicheleweshwa mpakani Horohoro na mvua, akafika kesho yake mama ameshalala kaburini. Neno la kwanza kupewa lilikuwa hilo. Akaja kukaa karibu na baba yake mkekani, macho yamevimba, akamshika mikono yote miwili.

"Niambie alivyosema, baba. Aliimba, au alisema?"

Mudathir aliitazama mikono ya mwanawe.

"Alisema," akajibu. "Alisema tu, kama watu wanavyosema."

Nasra akaegemeza kichwa begani kwake akalia kwa raha. Alipotulia, Mudathir akainuka, akatoka barazani kwa wanaume, akakaa, akapokea kikombe cha kahawa, na kabla hajaulizwa akaanza kuwaeleza jinsi wakubwa walivyofunga kile chumba.